Binti anapoanza kazi ya habari: Amana hii ni ya nani?

KATIKA mazungumzo ya wazazi wengi mijini kuna swali ambalo hujitokeza kila binti anapomaliza shule na kusema anataka kusomea uandishi wa habari. Je, hii ni kazi ya mtoto wa kike? Wapo wanaojibu haraka kuwa siyo, kwa hoja kwamba ni kazi ya kuzurura, kuchanganyika na wanaume na kuingilia mambo ya watu. Wapo pia wanaojibu haraka kuwa ndiyo, kwa sababu wamewaona watangazaji waliopendeza kwenye televisheni wakadhani huko ndiko kwenye maisha.

Majibu yote mawili yana kasoro moja. Yanaitazama kazi kwa nje. Anayekataza hajauliza kazi yenyewe inahitaji nini, na anayeruhusu naye hajauliza. Matokeo yake binti ama anazuiwa bila sababu ya maana, ama anaachwa aende bila silaha.

Makala hii inajaribu kulitazama jambo hili kwa ndani. Hoja yake ni moja, nayo ni kwamba habari ni amana. Anayeanza kazi hii anakabidhiwa heshima, hofu na haki za watu wengine. Na kwa kuwa amana hiyo ni nzito, si sawa tumbebeshe binti wa miaka 22 peke yake, kisha akianguka tumseme yeye.

Kwa nini Iyula?

Ili somo hili lisielee hewani, tulipeleke mahali. Tuchukue kata ya Iyula, wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Ni sehemu ya nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Hadi mwaka 2016 Mbozi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka huo, makao makuu yakawekwa Vwawa, mji ulio kwenye barabara kuu inayotoka Mbeya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia.

Tunduma wasomaji wa mijini wanaijua. Ikitokea foleni ya malori mpakani, au wafanyabiashara wakilalamikia ushuru, habari itafika Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Lakini Iyula? Mkulima wa kahawa wa Iyula asipolipwa fedha zake, nani ataandika? Mama akijifungulia njiani, nani atauliza kwa nini?

Mwandishi anayetumwa kutoka Dar es Salaam atafika siku moja, atapiga picha, atamhoji mkuu wa wilaya na kuondoka. Bibi wa Kinyiha ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji hatamweleza mgeni huyo jambo zito. Atamweleza binti aliyekulia pale, anayejua kumwamkia kwa lugha yake na kukaa naye jikoni. Ndiyo maana tunasema binti wa Iyula akishika kalamu, anaingia mahali ambapo wengi wetu hatufiki. Na kwa sababu hiyo hiyo, akikosea, madhara yake ni makubwa kuliko ya mgeni aliyepita njia.

Si jambo jipya

Kwanza tuondoe dhana kwamba mwanamke na habari ni jambo la kuletwa juzi. Sisi Waislamu tulitakiwa tuwe wa mwisho kulishangaa. Elimu ya hadith imesimama juu ya upokezi wa habari, yaani nani kasema, kamsikia nani, na je ni mkweli. Ndani ya elimu hiyo wanawake wamejaa, tangu Bibi Aisha (r.a.) hadi Karima al-Marwaziyya, aliyeisomesha Sahih Bukhari mjini Makka katika karne ya 5 Hijria. Imamu Dhahabi wa Damascus, aliyefariki mwaka 748 Hijria (1348), katika kitabu chake cha kuwapima wapokezi, Mizan al-I'tidal, ameeleza kuwa hamfahamu mwanamke miongoni mwa wapokezi aliyetuhumiwa kwa uongo. Huo ni ushahidi mzito kutoka kwa mtu aliyetumia umri wake kuwachambua wasimulizi wa habari mmoja mmoja.

Hapa kwetu napo njia imekwishapitwa. Mwaka 1987 waandishi wanawake walianzisha Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kikiongozwa mwanzoni na Bi. Fatma Alloo. Mwaka uliofuata wakatoa jarida lao, Sauti ya Siti, jina lililotokana na Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja, akauza vyungu, na baadaye sauti yake ikasikika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mtu anaweza kuwa na rai yake kuhusu taarabu, lakini lililo wazi ni kuwa nyimbo za Siti zilibeba habari za mjini, zikiwamo kesi ambazo haki haikutendeka.

TAMWA hawakuishia kulalamika. Waliandika, wakahoji na kufuatilia habari za wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili, na walikuwa miongoni mwa waliosukuma hadi Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Wapo watoto ambao sheria ile iliwapatia haki, na nyuma yake wapo wanawake waliokwenda mahali na kalamu wakauliza maswali.

Somo la kwanza: Usiandike ulichosikia

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ambalo binti anapaswa kulijua ni tofauti kati ya kusikia na kuthibitisha. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukabaki na majuto. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mtu hahitaji kutunga jambo ili awe mwongo. Kusimulia kila alichokisikia kunatosha.

Mbozi yenyewe inatoa mfano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hiyo, pamoja na sehemu nyingine za Mbeya ya wakati ule, ilivuma nchi nzima kwa habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Mauaji yalikuwapo. Lakini pembeni ya mauaji ukapaa uvumi. Zikatajwa bei za ngozi, na zikatajwa nchi za ng'ambo ya mpaka kuwa ndiko soko liliko. Nani alimuona mnunuzi? Nani aliiona hiyo fedha? Uvumi wa aina hiyo una tabia ya kuwageuza watu wasiohusika, wageni na wafanyabiashara waliofanikiwa, kuwa washukiwa. Mwandishi anayeandika inasemekana kila baada ya mstari anaweza kuwa amemhukumu mtu ambaye hata jina lake hakulitaja.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyekwenda kuthibitisha. Mwaka 2008, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yakiutikisa ukanda wa Ziwa, Vicky Ntetema, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC nchini, hakuridhika na kusikia. Alijifanya mteja akawaendea waganga kadhaa ili apate kwa masikio yake mwenyewe wanachowaahidi wateja. Baada ya habari ile kutoka alitishiwa maisha na ikambidi ajifiche. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kuwa yale yalikuwa maneno ya mitaani. Hatusemi kwamba binti anayeanza akajaribu jambo kama hilo. Ntetema alikuwa mwandishi mkongwe mwenye chombo kikubwa nyuma yake. Tunachosema ni kuwa alitofautisha alichoambiwa na alichokihakikisha.

Binti wa Iyula afanyeje basi? Tuchukue habari ya kawaida kabisa, ya kahawa. Mkulima anamwambia kuwa chama cha ushirika cha msingi, AMCOS, kimewadhulumu malipo ya pili. Hiyo ni habari? Bado. Hayo ni malalamiko, na malalamiko ni mlango wa habari.

Hatua ya kwanza, amwombe mkulima stakabadhi zake. Alipeleka kilo ngapi, tarehe ngapi, alilipwa kiasi gani cha awali? Hatua ya pili, atafute wakulima wengine wanne au watano wasio ndugu wa yule wa kwanza, alinganishe karatasi zao. Hatua ya tatu, aende kwa katibu wa AMCOS akiwa na maswali yaliyoandikwa. Kahawa iliuzwa kwa bei gani mnadani? Yapo makato gani ya usafiri, ukoboaji na tozo? Mkutano mkuu wa wanachama uliyapitisha lini? Hatua ya nne, apate upande wa nje. Bodi ya Kahawa, ambayo makao yake makuu yapo Moshi, ndiyo inayosimamia minada, na ofisi ya ushirika ya wilaya inapaswa kujua hesabu za vyama vyake. Vyama hivi vina mkaguzi wa serikali, yaani COASCO. Je, ripoti ya mwisho ya ukaguzi inasemaje?

Hesabu nazo asizikimbie. Tuchukulie mkulima alipeleka kilo 240, na makato ambayo hakuelezwa ni shilingi 500 kwa kilo. Hapo zimeondoka shilingi 120,000. Kwa msomaji wa Kariakoo huenda si fedha ya kutisha. Kwa familia ya Iyula inaweza kuwa ndiyo sare na madaftari ya mwaka mzima. Mwandishi asiyepiga hesabu ataandika kuwa wakulima wanalia. Aliyepiga hesabu ataandika wanalia nini.

Tena inawezekana akagundua kuwa yule mkulima alikopa mbolea kupitia chama na fedha imekatwa kihalali, akasahau au akanyamaza. Inawezekana pia akagundua kuwa katibu hana karatasi hata moja. Vyote viwili ni ukweli, na mwandishi hana ruhusa ya kuutaka mmoja zaidi ya mwingine.

Ofisi zikimfungia milango asikate tamaa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Aidha, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3 na kusomewa mapato na matumizi. Mwandishi mchanga asiyehudhuria mikutano hiyo anaikosa shule ya bure. Tena asiulize tu kilichosemwa. Aulize kama mkutano wenyewe umeitishwa.

Somo la pili: Unaowaandika watabaki pale pale

Msomaji wa mjini anasoma habari asubuhi na jioni ameisahau. Kijiji hakisahau. Hili ndilo jambo ambalo vyuo vingi hulifundisha kwa maneno mawili ya maadili, na ambalo mtu wa kata kama Iyula anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake.

Tuseme mtoto amebakwa. Mwandishi anajua kuwa haruhusiwi kumtaja, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesimama upande wa kumhifadhi. Kwa hiyo haandiki jina la mtoto. Lakini anaandika jina la kijiji, darasa analosoma, kwamba baba yake ni fundi baiskeli na kwamba anaishi na bibi yake. Je, amemficha nani? Dar es Salaam hawatamjua, lakini Dar es Salaam hawakutakiwa kufichwa. Waliotakiwa kufichwa ni majirani na wanafunzi wenzake, na hao wote wamekwishamjua. Mtoto ataibeba habari hiyo hadi siku ya kuposwa.

Hivyo hivyo kwa mwanamke aliyepigwa na mumewe, kwa mgonjwa wa maradhi yanayosemwa kwa kunong'ona, na kwa mzee anayetuhumiwa uchawi. Kabla ya kupeleka habari, binti ajiulize maswali matatu. Mtu huyu akisomewa habari hii mbele ya watoto wake, kipi kitamuumiza? Je, hicho kinachomuumiza kina faida kwa jamii? Kama hakina, kimo kwenye habari kwa sababu gani?

Hapa ndipo wengi huuliza kuhusu kusengenya. Je, kuandika kosa la mtu si kumsengenya? Wanavyuoni wamelieleza jambo hili kwa upana, na wakabainisha kuwa mwenye kudhulumiwa kutoa malalamiko yake, na kuwatahadharisha watu na madhara, havimo katika usengenyaji uliokatazwa. Kwa hiyo katibu aliyekula fedha za wakulima anaandikwa kwa alichokula. Mambo ya ndoa yake hayahusiki. Mpaka upo wazi kwa anayetaka kuuona.

Kuna na suala la lugha. Binti anayemhoji mtu kwa Kinyiha na kuandika kwa Kiswahili anakuwa mkalimani. Akiyapamba maneno ya bibi yapendeze gazetini, au akamwekea hasira ambayo hakuwa nayo, amemsemea mtu asiyeweza kumsahihisha, kwani yule bibi huenda hatalisoma gazeti hilo maisha yake yote.

Somo la tatu: Bahasha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wakuu wa vyombo vya habari hawapendi kulizungumza hadharani. Mwandishi wa kujitegemea wilayani kwa kawaida halipwi mshahara. Hulipwa kwa habari iliyochapwa, na kile anachokitumia kuifuata habari hakihesabiwi. Habari ya kahawa tuliyoieleza hapo juu inahitaji siku nne au tano za kuzunguka kwa bodaboda, simu na kurudufu karatasi. Mhariri akiipunguza ikawa aya tatu, malipo yake ni ya aya tatu. Akiitupa, hakuna malipo.

Wakati huo huo kuna semina Vwawa. Mwandishi anakaa kwenye kiti, anapewa soda na chakula, na mwisho anatia saini na kupokea bahasha ya nauli. Habari yake ni mgeni rasmi amesema. Tujiulize, binti mwenye kodi ya chumba cha kulipa atakwenda wapi? Kisha tunashangaa kwa nini magazeti yamejaa wageni rasmi na hayana wakulima.

Bahasha haianzi ikiwa rushwa. Huanza ikiwa ukarimu. Lakini mwandishi aliyepokea mara tano kutoka ofisi moja, siku ya sita akiletewa malalamiko dhidi ya ofisi hiyo, mkono utamtetemeka. Hakuna aliyemwambia asiandike. Amejifunga mwenyewe. Ushauri wa vitendo kwa anayeanza ni kwamba nauli yake itoke kwa mwajiri wake, na kama mwajiri hatoi, aandike habari chache za karibu anazozimudu kuliko habari nyingi zilizolipiwa na wanaoandikwa. Akiweza awe na kazi nyingine ya halali pembeni, shamba au duka, mpaka atakapopata ajira. Si aibu. Anayejilisha mwenyewe hawezi kununuliwa kwa soda.

Kwa mtoto wa kike kuna bahasha nyingine iliyo mbaya zaidi. Ni mkubwa wa kazi anayemwambia kuwa habari yake itatoka, au ajira itapatikana, kama atakubali jambo. Binti ajue, na mzazi wake ajue, kuwa hili lina jina katika sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalifanya kuwa kosa la jinai mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au upendeleo wowote. Kulalamika kuna pa kwenda, na TAKUKURU wana ofisi mikoani na wilayani. Anayepaswa kuona haya ni yule mkubwa.

Usalama na stara

Wazazi wanaohofia usalama hawana makosa. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi wilayani Kibiti, akiandika kuhusu mauaji yaliyokuwa yakiendelea huko. Novemba 2017 alitoweka, na hadi leo hajulikani alipo. Salma Said, mwandishi wa Zanzibar aliyekuwa akiripoti kwa Mwananchi na redio ya Ujerumani, DW, alitoweka alipowasili uwanja wa ndege wa Dar es Salaam tarehe 18 Machi 2016, siku mbili kabla ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar. Alipopatikana alieleza kuwa alitekwa na watu asiowajua. Hii si kazi ya mchezo.

Lakini hofu sahihi huzaa tahadhari, na tahadhari zipo. Mwandishi asiende mahali pa hatari bila mhariri wake na mtu mmoja wa nyumbani kujua amekwenda wapi, kwa nani na atarudi saa ngapi. Habari za mpakani Tunduma, zenye magendo na fedha za haraka, asizifuate usiku wala peke yake. Mahojiano na wanaume ayafanye mahali palipo wazi, ofisini mlango ukiwa wazi au akiwa na mwenzake. Hapo atakuwa ametekeleza mafunzo ya dini kuhusu faragha na wakati huo huo kanuni ya usalama kazini.

Ama kuhusu mavazi, hijabu haijawahi kuzuia swali kuulizwa. Mwandishi wa kike mwenye stara huingia hata kwenye nyumba ambazo mwandishi mwanaume huishia mlangoni, akawasikia wanawake wakisema wasiyoyasema mbele ya waume zao. Hiyo ni faida ya kazi.

Aidha asiidharau elimu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Binti anayeanza bila cheti, akitegemea kipaji na simu ya mkononi, ajue kuwa anaweza kuondolewa kazini wakati wowote kwa kisingizio cha karatasi.

Wajibu wetu sisi wengine

Tumesema mwanzoni kuwa amana hii haibebwi na mtu mmoja. Basi tugawane.

Mzazi ana fungu lake. Badala ya kukataa au kukubali kwa neno moja, amuulize binti yake atalipwa na nani, atalala wapi akitumwa mbali, na mkuu wake wa kazi ni nani. Haya ndiyo maswali ambayo tungeuliza akienda kuolewa. Kazi nayo ni mkataba.

Mhariri ana fungu lake. Anayemtuma binti kufuata habari bila nauli amemtuma kwa mwenye bahasha. Na anayepokea habari bila kumuuliza umelijuaje hili, kisha mambo yakiharibika akamwachia mwandishi lawama, amekula amana.

Kiongozi wa kata na wa chama cha ushirika ana fungu lake. Hesabu zilizo safi haziogopi binti mwenye daftari. Kama kiongozi ameandikwa isivyo haki, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, ambalo hupokea malalamiko na kuzisuluhisha pande mbili. Hakuna haja ya vitisho.

Na sisi wasomaji wa mijini tuna fungu ambalo ndilo tunalolisahau zaidi. Tunalalamika kuwa vyombo vya habari havituandiki, au vinatuandika vibaya. Lakini ni wangapi wetu tunanunua gazeti badala ya kusoma kurasa za mbele zilizopigwa picha na kusambazwa kwenye simu? Ni misikiti na taasisi zetu ngapi, zinapotoa ufadhili wa masomo, zinamfikiria binti anayetaka kusomea habari, na si udaktari na sheria tu? Na ni wangapi wetu tunaosambaza kwenye makundi ya simu habari ambayo hatukuithibitisha, kisha tukawahukumu waandishi kwa uongo?

Ndugu msomaji, ukimjua binti aliyeanza kazi hii, iwe Iyula, Tunduma au Temeke, usimuulize atatokea lini kwenye televisheni. Msomee habari aliyoiandika. Muulize alimuona nani, alisoma karatasi gani, na aliyetuhumiwa alisemaje. Akikujibu vizuri, mpe nauli ya habari ijayo bila kumwambia aandike nini.

Wabillahi tawfiq.